Siku Bibi Aliponipokonya Mkate

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mdogo wangu. Sisemi utani. Ndivyo nilivyolelewa, na nilikuwa msichana mkubwa kabla sijatambua kwamba watoto wengine wana mabibi wa namna nyingine. Nilipozaliwa nilipewa jina la dada yake mkubwa, na kwetu, upande wa Wamaza, anayepewa jina la marehemu hapewi jina tupu. Anapewa na nafasi yake. Kwa hiyo tangu nikiwa natambaa bibi aliniita yaya, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, na mimi nilipoanza kusema nilifundishwa kumwita mudogo wangu.

Kulikuwa na raha zake. Chakula kikitengwa nilitangulia kumega mimi, kitoto chenye kamasi, na yule mzee mwenye mvi alingoja mkono wangu utoke ndipo wake uingie. Akitaka kwenda matangani kijiji cha jirani aliniaga, na nikimkatalia alinibembeleza mpaka nikubali. Niliwahi kumvunjia chungu cha mawese, mama akanyanyua mwiko anipige, bibi akasimama katikati yetu. "Yaya wangu hapigwi nikiwa naona," alisema. Mama alisonya akarudi jikoni. Bibi mwenyewe hakunigombeza hata mara moja, maana mdogo hamgombezi mkubwa wake. Alinidekea. Aliniomba nimkune mgongo, alininunia nikichelewa shambani, alinishitakia majirani waliomsema vibaya. Kila msimu wa asali aliniwekea masega mazito akisema, "Kula, yaya, weye unapenda sana." Nilikula. Watu walitucheka na sisi tulicheka nao.

Lakini kwake haukuwa mchezo. Mara nyingine alinitazama nikitwanga, machozi yakamlengalenga, akasema, "Umerudi." Sikujua nilikotoka. Nilipenda tu kuwa mtu aliyerudi. Nani asiyependa kutazamwa hivyo kila siku?

Huyo dada mwenyewe aliishia Kasongo. Walitekwa wote wawili wakiwa wadogo, wakapelekwa huko wakati Kasongo ulikuwa mji wa Waungwana, watu wa Waarabu kutoka pwani, mji wenye mashamba ya mpunga na ngano na nyumba zenye milango ya kuchongwa. Dada aliwekwa jikoni kwa mkubwa mmoja, kazi yake kukanda unga na kuoka mkate. Bibi, aliyekuwa mdogo zaidi, aliwekwa kuchota maji. Dada alificha maganda ya mkate kwenye nguo yake akamletea kisimani. Hayo maganda ndiyo yaliyomkuza bibi, alisema hivyo mwenyewe, bila kupamba. Kisha vikaja vita vya Wazungu na Waarabu, mji ukatwaliwa, ikaja njaa, na nyuma ya njaa ndui. Dada akafa kwa ndui. Bibi na mwanamke mmoja mtumwa walimlaza kando ya kile kisima, kisima cha ngazi za mawe, upande wa mawio ya jua. Hawakuwa na sanda wala maji ya kutosha kumwosha. Bibi akafuata kundi la watu waliokuwa wanarudi makwao, akafika kwao, akaolewa, akazaa, akazeeka.

Kwetu mtu aliyefia mbali hajafa vizuri mpaka udongo wa kaburi lake uletwe nyumbani. Ukishafika, unazikwa nyuma ya nyumba, analiliwa kama mtu, ndipo jina lake linaruhusiwa kupewa mtoto. Bibi alingoja muda mrefu sana. Hatimaye babu alichukuliwa na Serikali kwenda Kasongo kufanya kazi ya barabara, na bibi akamweleza kila kitu: kisima, ngazi, upande wa jua. Babu akarudi na udongo ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo. "Nimeona kisima yako," alimwambia. "Ngazi ziko vilevile." Wakazika, wakalia, na mtoto wa kike wa kwanza kuzaliwa baada ya matanga yale nilikuwa mimi.

Miaka ikaenda. Vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, babu alikuwa amekufa, na mume wangu alikuwa kwenye kambi ya dhahabu upande wa Salamabila, anakuja nyumbani akipenda Mzungu wake. Siku moja bibi akaniambia, "Yaya, twende nikuoneshe muji wako." Nilidhani anatania. Magoti yake yalikuwa hayafiki hata mtoni. Lakini aliendelea kila siku, na siku moja akasema sababu. Alisema alimwacha dada yake pale kama mzigo uliomshinda mtu njiani. Alitaka kusimama pale pamoja na mimi, aoneshe kwamba hakumwacha, kwamba alirudi kumchukua na kwamba huyu hapa, mzima, ana mume na mwanya kwenye meno. Hapo angekufa akiwa mwepesi. "Hiyo tu," alisema. "Halafu sitakuomba kitu kingine."

Uongo, angeniomba nimkune mgongo jioni ileile. Lakini nilienda kwa chifu kuomba ruhusa ya safari, maana siku zile hukutoka eneo lako kama unavyotoka chumbani. Tulitembea kwa vituo mpaka Kabambare, kila kijiji tunapumzika kwa mtu. Kutoka Kabambare dereva wa kamio, lori la pamba, akatuhurumia, au aliona aibu kumkatalia mzee, akatupandisha juu ya marobota. Bibi alishika nguo yangu njia nzima. Alikuwa na furaha. Aliniambia, "Utaona, yaya, utakumbuka mwenyewe."

Basi tukafika Kasongo, na bibi akaanza kunitembeza mjini kwangu.

Nilitembezwa kwa bidii kabisa. Alitangulia na fimbo yake, akasimama kila kona, akakunja uso. Kulikuwa na njia pana zilizopandwa michikichi pande zote mbili, nyumba za matofali za Wazungu zenye baraza, ofisi yenye bendera, kanisa la mapadri, gereza lenye ukuta mweupe, wafungwa wanafyeka majani kando ya barabara wakiimba polepole. Bibi aliangalia vyote kama mtu anayekagua kazi ya fundi mbaya. "Wamebomoa," alisema. "Wamejenga juu." Nikamwambia mji wowote hubomolewa. Akasema sawa, lakini mteremko je? Mteremko ulikuwa upande ule, sasa uko upande huu. Na mto ulisikika kutoka jikoni.

"Labda Wazungu waliuhamisha mto," nikamwambia. "Walihamisha na watu."

Hakucheka. Aligeuka huku na huku katikati ya njia mpaka mwendesha baiskeli akatutukana. Nilianza kuogopa. Nilijiambia, haya, akili za mzee zimeanza kumwacha, na zimechagua kumwacha hapa, mbali na nyumbani, mikononi mwangu. Nilikuwa nimechoka, jua linachoma, na nakiri nilimvuta mkono kwa nguvu kuliko inavyofaa.

Ndipo harufu ya mkate ikatufikia.

Ilitoka kwenye duka la Mgiriki, mtaa wa wafanyabiashara. Alikuwa na tanuri la udongo uani. Wazungu waliingia kwa mlango wa mbele, wenye pazia la shanga. Sisi weusi tulinunulia kwenye dirisha dogo la ubavuni, tumepanga mstari juani, na mkono ulitokeza humo ukitoa mkate, hukuuona uso wake. Bibi alisimama ghafla nusura nimkanyage kisigino. Alifumba macho.

"Yaya," alisema, "ni mukate yako hii."

Nikaingia mstarini. Mkate wenyewe ulikuwa wa duara, una tundu katikati ambalo mkono wa mtoto ungepita, ngozi yake nyekundu na ngumu, na juu umejaa ufuta. Sikuwa nimewahi kuona mkate wa namna hiyo. Nilinunua mmoja, tukakaa pembeni, kwenye kivuli cha ukuta, bibi akaupindua kwanza, akachungulia barabara kupitia lile tundu.

"Yetu haikukuwa na tundu," alisema. "Hawa wamekula katikati, wametuuzia ukingo."

Nilicheka mpaka nikajisahau kuwa nilikuwa nimekasirika. Na yeye akacheka, akafuta jasho, nikaona amerudi kwenye akili zake. Ilikuwa dakika nzuri. Ninaikumbuka kwa sababu ilikuwa ya mwisho ya aina yake. Aliniwekea mkate kwenye mikono yote miwili kama ilivyotakiwa, mdogo kwa mkubwa. "Mega, yaya," alisema. "Weye ulikuwa unaniletea maganda tu. Leo mega katikati."

Karibu yetu alikuwa amekaa mwanamke wa mjini, mtoto mgongoni, naye anakula mkate wake. Wakati mimi nahangaika na ile ngozi ngumu, bibi alimgeukia kwa mazungumzo tu, kama watu wanavyozungumza wakingoja chakula.

"Mama, kisima ya ngazi za mawe iko upande gani? Sisi tumezunguka, macho ya uzee haioni."

"Kisima gani, mama?"

"Ile ya Waungwana. Karibu na nyumba kubwa, pale walikuwa wanaoka mukate."

Mwanamke yule alicheka, si kwa ubaya. Alikuwa mtu mwema, hata alihamisha mtoto wake ili bibi apate kivuli zaidi. "Ee, mama, unatafuta Kasongo ya Waarabu? Haiko hapa. Ile iko Tongoni kule, ni mwendo. Hapa Wazungu walijenga yao nyuma ya vita. Walibeba jina, muji hawakubeba."

"Hapa kulikuwa nini?"

"Pori, wanasema. Mimi nilizaliwa hapa, sijaona kitu ya Waarabu hapa."

 Bibi akauliza taratibu, na mimi niliacha kumega kwa sababu niliijua sauti ile: "Na mutu akikuja hapa zamani kidogo, wakati wa kazi ya barabara, akiuliza Kasongo, wanamuleta hapa?"

"Wamulete wapi tena? Kasongo ni hii."

"Ataona kisima ya ngazi?"

"Hapana, mama. Hapa hakukukuwa kisima ya vile. Tunachota mutoni."

Mwanamke akamaliza mkate wake, akatuaga, akaenda zake. Hakujua alichofanya, na sijawahi kumlaumu. Bibi alikuwa anatazama barabara. Wafungwa walikuwa wamefika mtaa huo na mafyekeo yao.

"Alisema aliona kisima," bibi alisema.

Nikamwambia babu alikosea. Alikuwa mgeni, amechoka, anasimamiwa na askari, aliuliza Kasongo akaambiwa ni hapa. Mtu yeyote angekosea. Wewe mwenyewe tangu asubuhi umekosea.

"Kukosea ni kuleta udongo," alisema. "Ngazi aliziona wapi?"

 Mpaka leo najiuliza. Huenda babu alimhurumia, alitaka alie amalize. Huenda alichoka kumsikia. Aliinama mahali kando ya barabara ya Wazungu, akachota konzi ya mchanga, akarudi na ngazi za mdomoni. Na watu wazima wakaulilia mchanga ule, na juu yake nikapewa mimi jina, na dada, na ukubwa, na asali.

Bibi alinyoosha mkono, akauchukua mkate kutoka mikononi mwangu. Hakunyang'anya kwa nguvu, lakini hakuomba. Akaumega mwenyewe juu ya goti lake, ukakatika vibaya, kipande kimoja kikubwa, kingine kidogo. Kikubwa akabaki nacho. Kidogo akanipa.

"Shika, mujukuu wangu," alisema. "Kula."

Hakuwahi kuniita hivyo maishani. Ni neno zuri, kila bibi hulisema mara mia kwa siku, na mimi lilinipiga nikahisi baridi juani. Nilitaka kumrudishia kipande chake usoni. Badala yake nilikula kwa kuwa nilikuwa na njaa, na machozi yalikuwa yanateremka mpaka kwenye ufuta, na bibi alikula cha kwake akitazama mbele. Hakuniangalia.

Tulilala kwa watu wa Kabambare waliokuwa na nyumba pembeni ya mji, na asubuhi tukashika njia ya Tongoni. Nilimwambia turudi nyumbani. Alisema mimi nirudi nikitaka. Alisema hivyo kwa upole, kama unavyomwambia mtu asiyehusika. Nikamfuata nyuma nikiwa nimenuna, nikiwa nimebeba mzigo wake na wangu.

Kufika Tongoni hakuuliza mtu yeyote njia. Fimbo yake ilianza kwenda haraka. Hapakuwa na mji, kulikuwa na pamba. Pamba ya lazima, mistari na mistari, imefika magotini, na kati yake hapa na pale kipande cha ukuta wa udongo kimesimama, miti ya malimau iliyozeeka, vigae vimetapakaa. Kapita, msimamizi wa shamba, alitokea mbio na kofia yake mkononi akipiga kelele tusikanyage mimea, Mzungu wa pamba angemchapa yeye. Alipomwona bibi vizuri alishusha sauti, akatufuata tu, akituonesha pa kuweka mguu.

Bibi alitembea kati ya mistari ile kama mtu aliye uani kwake. Hapa lango. Hapa baraza la wakubwa. Hapa walianika mpunga. Kila kitu kilikuwa mahali pake, akili zake zilikuwa nzima kabisa, na mimi niliyemvuta mkono jana yake nilitamani ardhi inifiche. Lakini kilichonichoma ni kingine. Njia nzima kutoka nyumbani alikuwa amesema "ulipita", "ulikaa", "ulinipigia kelele". Sasa alisema "yaya alipita hapa", "yaya alikaa pale". Alisema akijiambia mwenyewe. Kama angekuwa peke yake angesema vilevile.

Kisima kilikuwepo. Ngazi zilikuwepo, za mawe, zimelika katikati kwa miguu ya wachota maji, zinashuka. Lakini hazikufika mbali. Kilikuwa kimejazwa. Kati ya udongo na mawe na mashina ya pamba iliyong'olewa zilionekana fimbo nyeupe, nikadhani ni kuni, halafu nikaona si kuni.

Kapita alikuwa anazungusha kofia yake vidoleni. Alikuwa mtu wa kule kule, Mzimba, umri wa baba yangu. Bibi akamuuliza ni nini.

"Wakati tulianza kulima, majembe ilikuwa inatoa watu kila siku, mama. Kila mahali. Muzungu akasema tusafishe shamba, mistari inyooke. Tukatia mule."

"Wote?"

"Wote. Hatukujua ni watu ya nani." Kisha akaongeza, bila kuulizwa, "Tuliomba musamaha mbele ya kutia. Wazee walisema maneno."

Bibi alishukuru. Aliketi kwenye ngazi ya juu kabisa, taratibu, ameshika goti. Akatoa kile kipande cha mkate, alikuwa amekibakiza kumbe, hakukimaliza, akakiweka kwenye jiwe la pili. Akainama mbele.

"Yaya," aliita.

"Ee, mudogo wangu," nikaitika.

Sikukusudia. Ni mdomo, ulikuwa umeitika hivyo tangu ulipojua kusema. Bibi aligeuka akanitazama, muda mrefu, macho makavu.

"Si weye," alisema.

Akageukia kisima, akaendelea kusema naye. Mimi na kapita tulirudi nyuma, tukasimama penye malimau kama watumishi wawili. Nilimsikia akisema samahani. Nilimsikia akisema maji hayakutosha, na kwamba alikuwa mdogo. Nitasema ukweli: sikumhurumia yule msichana aliyekufa kwa ndui. Nilimchukia. Alikuwa na maganda ya mkate tu, na alikuwa ameninyima mtu wangu wa pekee.

Aliponyanyuka nilimwambia tuchote udongo pale ukingoni, tufunge kitambaani, twende tukazike upya, mambo yaishe, jina lipate mwenyewe. Nilimsihi hasa. Alikung'uta nguo yake.

"Ukingo si yeye," alisema. "Nimeshadanganywa mara moja, inatosha. Na weye nyumbani usiseme. Watu walilia kwa roho zao juu ya udongo ule."

Sikusema. Nyumbani walitupokea kwa vigelegele, wakauliza kama nimeukumbuka mji wangu, wakacheka. Nilicheka. Wao waliendelea kuniita dada wa bibi. Ni bibi tu aliyeacha. Mbele ya watu alinyamaza, hakuniita chochote. Tukiwa wawili niliitwa mujukuu. Alianza kula kabla yangu. Nilikuwa na hasira, niliacha kuingia nyumbani kwake, nilipita mlangoni nikiangalia upande mwingine. Mzee gani anamfuta mtu kwa sababu ya shimo? Miaka yote ile nilimkuna mgongo mimi, si yule.

Mvua zilipoanza nilianika mpunga uani nikasahau, nikaenda kuzungumza kwa jirani, wingu likapasuka. Niliporudi nilimkuta bibi kwenye mvua, amepiga magoti, anakusanya mpunga wetu kwa mikono. Alinigombeza. Aliniita mvivu, mzembe, mwanamke wa kupeleka miguu kwa watu. Aliniambia nina bahati mume wangu hakai nyumbani. Alinigombeza mpaka sauti ikamkauka, tukiwa tumelowa wote wawili, na mimi badala ya kujibu nilianza kucheka, halafu kulia, kwa sababu hakuwahi. Hakuwa na haki hiyo kabla.

Tangu hapo akaanza kuniuliza maswali. Yalikuwa maswali ya ajabu kwa mtu aliyenibeba mgongoni. Naogopa nini? Nilipokuwa mdogo nilikuwa naota nini? Mume wangu ananipiga? Alileta sega la asali kwa mazoea, akasita, akauliza, "Unapenda asali?" Nikamwambia hapana, inanichoma koo, sijawahi kuipenda. Alikaa chini kabisa. "Umekula asali yote ile," alisema. Nikasema ndiyo. Alicheka kicheko kidogo kibaya, akauliza, basi napenda nini? Ilibidi nifikirie. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nikasema senene, waliokaangwa wakakauka. Siku chache baadaye alinipikia senene, akaungua kidole, akaketi kunitazama nikila, na nikaona kwamba ananitazama mimi. Sikuwa mzuri sana, nadhani. Alikuwa anazoea.

Kikohozi kilimpata mvua zile zile, hazijaisha. Hakuugua siku nyingi. Mimi nilikuwa mtoni alipokata roho.

Walipomwosha na kumvisha, wanawake wakubwa wa ukoo walitandika mkeka kichwani pake. Ni mkeka wa ndugu mkubwa wa marehemu, hakai mwingine. Anayekaa hapo ndiye anayemuaga, anamwambia mdogo wangu umenitangulia, njia ni yako, nenda. Bila sauti hiyo kilio hakianzi. Nyumba ilikuwa imejaa, uani wamejaa, wote wananingoja, na shangazi yangu akanishika bega kwa heshima kubwa. "Kaa, yaya wa marehemu," alisema.

Nikakaa. Ningefanya nini? Uso wake ulikuwa umefunikwa. Nilifungua mdomo kusema maneno niliyoyajua tangu utotoni, na yakakataa.

"Bibi," nikasema.

 Shangazi akaniinamia sikioni. "Sema mudogo wangu."

"Bibi," nikalia, "bibi yangu, bibi," na nikaendelea hivyo hivyo, wanawake wakitazamana, mzee mmoja akisema mlangoni kwamba huzuni imenichanganya, wengine wakinifinya mkono ili nikumbuke mimi ni nani. Walikuwa wamemjua mtu huyu maisha yao yote. Mimi nilikuwa na bibi kwa msimu mmoja wa mvua, na haukuwa umeisha.